Lita ya Mtaa Wetu

Machi 9

Nesi mpya wa zahanati amenipa daftari hili. Anataka kila siku niandike nimeamkaje: kichwa kinauma au hakiumi, basi, ili ajue vidonge vya presha vinafanya kazi. Nikamwambia, mwanangu, mimi nikishika kalamu siwezi kusema neno moja nikanyamaza. Akacheka, akasema niandike tu, yeye atasoma mstari wa kwanza wa kila siku, mengine ni yangu.

Haya. Kichwa hakiumi.

Machi 10

Kichwa hakiumi. Joto la kukaanga mtu.

Machi 14

Kichwa hakiumi. Mvua ya kwanza imeshuka mchana, ile yenye harufu ya vumbi. Mama Kicheko kakimbiza cherehani yake barazani kwangu, mashine mkono mmoja, mtoto mkono mwingine, na bado mdomo unaongea. Ni fundi wa nguo, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Akikohoa huko mimi huku nasema pole. Kicheko ni mwanawe wa kwanza, bado hajafikisha miaka miwili. Jina lake la cheti hakuna anayelitumia, kwa sababu mtoto huyu alianza kucheka kabla hajajua kukaa. Ananiita Bibi, ila mdomoni kwake inatoka "Biii", na nikiisikia hata kama nimeshika sufuria ya moto naiweka chini.

Tukakaa kutazama maji yakipita. Mume wangu akatoka dukani na kopo lake mkononi, akaliweka chini ya tone la paa, likajaa kufumba na kufumbua. "Lita ya kwanza ya mwaka," akasema, na sote tukampigia makofi. Anapenda makofi, huyo.

Duka letu ni la mafuta ya kula tu: pipa, mpira, faneli na kopo. Kopo ni la bati, mshikio umelehemiwa mara mbili, na ubavuni limeandikwa LITA kwa rangi nyekundu, mwandiko wa mume wangu. Zamani watu walipima kwa kibaba. Serikali ilipopiga marufuku vibaba, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kuwa na lita, wenzake bado wanakuna vichwa. Tangu hapo anaitwa Bwana Lita, na ukimwita jina lingine hageuki. Fundi bati wa pale kwenye kona aliliazima kopo letu akachonga mengine kwa kulifuatisha, na leo hakuna jiko mtaa huu lisilo na lita ya fundi bati. Wali tunapimia hiyo, nguo tunalowekea hiyo, hata wanaogombana wanarushiana hiyo.

Machi 15

Mvua. Kichwa kinauma kidogo, kelele za mabati.

Machi 16

Mvua.

Machi 21

Kichwa hakiumi. Mtaro wa nyuma umejaa, na mashimo ya vyoo vya bondeni yamefurika. Maji ya bomba yametoka rangi ya chai ya maziwa. Nimewaambia wanaonisikia wachemshe. Wanaonisikia ni Mama Kicheko peke yake, na yeye kwa sababu anapenda vitafunio vyangu.

Machi 25

Watoto wanaharisha. Walianza wa bondeni, sasa wamefika katikati ya mtaa. Kichwa sijui, nimesahau kukisikiliza.

Machi 27

Kichwa kinauma.

Leo Nesi amekusanya kina mama barazani kwetu, maana zahanati inavuja. Amekuja na boksi la zile pakiti za unga za watoto wanaoharisha, na jagi kubwa la plastiki lenye mistari ubavuni. Anaongea taratibu, kama mtu anayetembea kwenye utelezi. Mtoto anayeharisha anakauka, akasema, kwa hiyo arudishiwe maji na chumvi, lakini kwa kipimo. Pakiti moja, maji safi lita moja. Ikizidi maji dawa inapungua nguvu. Yakipungua maji chumvi inakuwa kali, na chumvi kali inamkausha mtoto badala ya kumrudishia. Akarudia. Akatuimbisha kama watoto wa chekechea: pakiti moja, lita moja.

Halafu akauliza, "Nyumbani mna kipimo cha lita?"

Kina mama wote wakasema ndiyo. Waliokuja nazo wakaziinua juu, bati tupu zinang'aa. Mume wangu mlangoni kavimba kifua, na mtu akasema lita zote hizi ni watoto wa lita ya Bwana Lita. Nesi akafurahi, akasema kule alikotoka kila nyumba ina kopo lake, kupimisha ilikuwa mateso. Akagawa pakiti.

Mke wa dereva wa lori alikaa mbele kabisa, kachanga kake ka miezi mitano mgongoni. Mumewe yuko safarini muda wote. Yeye ni mtu wa kimya, akiambiwa jambo analishika kama yai.

Machi 29

Kichwa kinauma. Mvua. Nesi kasema kesho kutwa watoto watakuwa na nafuu.

Machi 31

Hawana nafuu.

Aprili 2

Kichwa kinauma upande mmoja.

Nesi amepita nyumba kwa nyumba na viatu mkononi. Ameingia kwangu kujikausha, na nimeona uso wake hauna raha. Anasema hajawahi kuona hali hii. Watoto wanakunywa dawa, kina mama wanafuata masharti, lakini wanazidi kukauka. Wana kiu isiyokatika, wanalia sauti nyembamba, wengine wanashtukashtuka. Amewauliza kama wanatia chumvi ya ziada, wameapa hawatii. Amewaambia waonyeshe wanavyochanganya. Pakiti moja, lita moja, kila nyumba. Akaniuliza kama bomba letu lina chumvi. Nikamwambia lina kila kitu isipokuwa chumvi.

Ameondoka kwa haraka mvua ilipopungua, jagi lake kalisahau mezani kwangu.

Aprili 3, Alhamisi

Nitaandika taratibu.

Asubuhi nimeosha jagi la Nesi. Ni jagi zuri, na nilikuwa natamani la namna ile, nikasema ngoja nione linabeba kiasi gani. Mstari wa juu umeandikwa 1, wa katikati ½. Nikachota maji kwa lita yangu ya jikoni, nikamimina. Yakafika kwenye ½, yakasimama.

Nikavaa miwani. Nikainama. Yapo kwenye ½.

Nikafikiri nimemwaga njiani. Nikamwaga yote, nikajaza tena hadi ukingoni, nikatembea kama nimebeba mtoto aliyelala. Kwenye ½. Nikaongeza lita ya pili na jagi likafika 1 sawasawa, kama vile vitu hivyo vilijuana. Nikasema basi fundi bati ndiye aliyekosea, mlevi yule. Nikaenda dukani, mume wangu yuko nyuma na pipa, nikachukua kopo lenyewe, mama yao wote, nikalifuta mafuta, nikajaza maji.

Kwenye ½.

Nimekaa chini, kwenye sakafu ya jikoni, mtu mzima na miguu yangu hii. Nilikuwa naona mikono ya kina mama barazani, bati zinang'aa juu, na Nesi anacheka. Pakiti moja kwenye nusu ya maji. Kila nyumba. Siku nane sasa.

Upande wa pili wa ukuta Kicheko alikuwa anacheka. Yeye bado mzima. Nimeziba masikio.

Aprili 4

Nimesema na mume wangu mchana, duka limefungwa kwa mvua. Nilitegemea atabisha. Hakubisha. Ameweka kijiko chini, akatazama mlango kama mtu anayesubiri polisi wabishe hodi.

Kumbe anajua. Amejua siku zote. Walipotangaza redioni kwamba vibaba mwisho, atakayekutwa nacho anafungiwa duka, aliambiwa makopo ya lita yanakuja kwa gari. Hayakuja. Siku ya mwisho ikafika, mkaguzi anapita kesho yake, na yeye ana kibaba kimoja tu duniani, cha marehemu baba yake. Akanunua rangi nyekundu. Mkaguzi akachungulia mlangoni, akasoma LITA, akamsifu. Bei siku hiyo hakugusa, akaacha ile ile ya kibaba, na watu wakafurahi kwamba lita ni rahisi kumbe. Halafu miaka ikaenda na bei za watu wote zikapanda, na yake ikapanda nazo.

"Nilibadilisha jina, mama watoto," akasema. "Kopo sikuligusa."

Nikamwambia kuhusu pakiti. Mafuta ni mafuta, akasema, hakuna aliyekufa kwa kukosa mafuta. Nikamwambia sisemi habari za mafuta. Hapo ndipo nilipoona anaogopa, na kuogopa kwake kukaniingia mimi. Alinikumbusha yule muuza mkaa wa mtaa wa pili, walipogundua mzani wake una jiwe. Hawakungoja mwenyekiti. Kibanda kiling'olewa bati moja moja, na yeye mwenyewe aliokolewa na mkewe aliyemlalia juu.

"Ukifungua mdomo," akasema, "hatutakuwa na paa."

Mvua ilikuwa inapiga hilo paa wakati anasema. Kichwa kinauma mpaka meno.

Aprili 5

Nimepata njia. Sitasema kuhusu kopo. Nitawaambia tu watie lita mbili. Mbili za kwetu ni moja ya Nesi, mtoto anapona, paa linabaki.

Nimepita nyumba zote za juu na nusu ya bondeni, mwavuli umegeuka nje ndani. Nimesema pakiti za safari hii ni kali, zimetoka kiwanda kingine, Nesi kasema tuweke mbili. Uongo wangu umenitoka laini kama mafuta ya duka letu. Mama Kicheko kasema sawa Bibi. Mke wa dereva kaniuliza mara mbili, mbili kweli? Nikamwambia mbili. Kachanga kake kameanza kuharisha juzi. Akasema, "Mbona Nesi alisema ikizidi maji inapungua nguvu?" Nikamwambia Nesi amebadilisha. Hakuniuliza tena, lakini alinitazama.

Sitii chumvi nikisema nimerudi nyumbani nimechoka kama niliyelima. Nimeandika neno hilo, chumvi, nikaiweka kalamu chini.

Aprili 6

Wawili wa bondeni wana nafuu. Wawili! Kichwa chepesi.

Aprili 7

Mvua. Watatu sasa. Mume wangu kaimba akifungua duka.

Aprili 8

Nesi amegundua.

Hakugundua la kopo. Amegundua la mbili. Mke wa dereva alienda zahanati kumuuliza, maana yeye jambo analishika kama yai na hataki livunjike. Nesi kapandwa na hasira ambayo sikudhani anayo. Amezunguka mtaa mzima na kipaza sauti cha shule: msisikilize maneno ya mitaani, anayewaambia lita mbili anawaua watoto wenu, pakiti moja lita moja. Amepita mbele ya duka letu akisema hivyo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika jagi lake. Mpaka leo sijamrudishia. Alipoliulizia nilimwambia sijaliona.

Ningetoka wakati ule ule. Sikutoka. Nilijiambia nitaenda jioni. Jioni nikajiambia asubuhi. Mume wangu alinipikia chai, kitu ambacho hajafanya tangu tuoane, na chai ile ikapoa mezani.

Mke wa dereva hakutaja jina langu kwa Nesi. Nimeambiwa na Mama Kicheko. Aliulizwa nani kakwambia mbili, akasema amesahau.

Aprili 9

Asubuhi sikwenda. Mvua ilikuwa kubwa.

Aprili 10

Kachanga ka mke wa dereva kamefariki.

Aprili 11

Nimeenda kukaa na wafiwa. Nimeketi mkekani, wanawake wote tumebanana, maji yanapita chini ya mlango. Yeye hakulia kwa sauti. Kwenye dirisha lake, nyuma ya kichwa chake, kopo lilikuwa limefunikwa chini juu likauke. Lita ya fundi bati. Sikuweza kutazama kwingine. Alinishika mkono, akasema, "Mama, nilifuata kila kitu."

Nikamwambia pole. Ndilo neno nililokuwa nalo.

Sijui kama ni ugonjwa au ni chumvi. Wengine wamekufa mitaa mingine ambako hakuna kopo letu. Najiambia hivyo, halafu naogopa mtu yule anayejiambia hivyo.

Mume wangu hakutoka kitandani leo. Duka limefungwa.

Aprili 12, Jumamosi

Nitaandika yote.

Asubuhi sikusikia kicheko. Nilingoja, nikajishughulisha na vyombo, nikangoja tena. Ukuta kimya. Halafu nikasikia sauti nyembamba, kama paka amefungiwa mahali. Nimetoka pekupeku.

Mama Kicheko alikuwa kakaa sakafuni, mtoto mapajani, kijiko mkononi. Anaharisha tangu juzi, akaniambia, hakutaka kunisumbua kwa ajili ya msiba. Midomo ya Kicheko ilikuwa imekauka na kupasuka, ulimi mkubwa, macho yanatazama dari. Akiletewa kijiko anakinyonya kwa nguvu kama anataka kukimeza kijiko chenyewe, halafu analia kwa ile sauti. Mkono wake mmoja ukashtuka, ukatulia, ukashtuka tena. Aliniona. Alifungua mdomo na "Biii" haikutoka.

"Namnywesha bila kupumzika," mama yake akasema. "Lita moja, Bibi. Nesi alisema zile mbili ni za kuua."

Pembeni yake, kopo. Limejaa.

Sijui nilisema nini. Nililipiga lile kopo teke likaenda mpaka ukutani, na Mama Kicheko akanitazama kama nimerukwa na akili. Nikamwambia mbebe, twende. Nikapita ndani kwangu, nikachukua jagi, nikaingia dukani nikachukua kopo la mume wangu. Alikuwa amesimama pale, nguo za kulalia, kashika mlango. Nilidhani atanizuia. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, angenizuia ningempita. Aliangalia kopo mkononi mwangu, akaangalia mtoto barazani, akasogea pembeni. Akasema tu, "Ngoja nivae viatu."

Zahanati ilikuwa imejaa. Mabenchi yote, kina mama na watoto wao, wengine wamesimama kwenye sehemu zinazovuja. Fundi bati alikuwepo na mjukuu wake. Nesi akampokea Kicheko, akambana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, uso ukambadilika. Akamuuliza mama yake swali lile lile, umetia chumvi? Mama Kicheko akaanza kulia, anaapa kwa kila kitu.

Hapo nikaweka jagi mezani, katikati ya karatasi zake. Nikachota maji kwenye ndoo ya kunawia kwa kopo la LITA, nikajaza mpaka ukingo. Nusura nimwage, nikarudia ili wasiseme nimemwaga. Nikamimina. Sikuhitaji kuwaita, jagi linaonyesha maji toka nje, na kila mtu aliona yamesimama wapi.

Nikasema, "Hii siyo lita. Hii ni kibaba. Zote mlizonazo ni vibaba."

Fundi bati alikuja, akaliinua jagi mpaka machoni, akaliweka. Akajishika kichwa. Mtu mmoja nyuma akasema polepole, nusu, nusu, na lile neno likatembea benchi kwa benchi. Nikawa nangoja mkono wa kwanza. Nilikuwa nimekaza mgongo kwa ajili yake. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia pumzi zake.

Hakuna aliyenigusa. Mwanamke mmoja akainuka, akafunga mtoto mgongoni, akatoka mbio kwenye mvua. Halafu mwingine. Walikuwa wanakimbia kwenda kumwaga. Katika muda mfupi tulibaki wachache, na milango inapigapiga.

Nesi alikuwa ameinamia Kicheko, anatafuta mshipa wa dripu. Hakuinua kichwa.

"Tangu lini unajua, mama?"

Nilitaka kusema leo. Leo ilikuwa mdomoni kabisa.

"Tangu Alhamisi ya wiki iliyopita," nikasema.

Akaupata mshipa. Akafunga plasta. Akaniambia nitoke, yupo kazini.

Aprili 13

Kicheko yuko hai. Haruhusiwi mtu kumwona.

Jiwe moja limepiga bati letu mchana. Moja tu. Tulikaa chini ya meza mimi na mzee mzima mwenzangu, tumeshikana mikono, tukingoja la pili. Halikuja, na kulingoja kulikuwa kubaya kuliko lenyewe.

Aprili 14

Hakuna mteja. Hakuna salamu. Mvua.

Aprili 16

Kichwa kinauma.

Mume wangu amekaa mlangoni na kisu kidogo, anakwangua rangi nyekundu kwenye kopo. Herufi moja moja. Chini yake yametokea maandishi ya zamani ya marehemu baba yake, yaliyochongwa kwa msumari: KIBABA. Alilitazama sana. Akasema alikuwa amesahau kama baba yake aliandika.

Halafu akaniuliza kama Nesi atamwazima lile jagi.

Aprili 17

Kumbe alikuwa hatanii. Amekwenda mwenyewe zahanati. Nesi kamwambia maneno ambayo hakunisimulia, halafu kampa. Sasa anapita mlango kwa mlango na fundi bati, jagi mkononi. Kila kopo wanalipima mbele ya mwenye nyumba na fundi bati analigonga muhuri wa msumari: ½. Nyumba nyingine wanafungiwa mlango. Nyumba moja alimwagiwa maji machafu, akajipangusa, akasubiri mlangoni mpaka wakampa kopo. Nilikuwa nimemwona mwoga. Sasa simwoni hivyo, ingawa hasira yangu naye haijaisha. Hasira yangu na mimi mwenyewe ndiyo kabisa.

Hakuna anayemwita Bwana Lita. Wanamwita wewe.

Aprili 19

Kicheko karudi nyumbani, kichwa kikubwa, miguu kama vijiti. Hacheki bado. Mama yake kanipita barazani, halafu karudi, akaniwekea mtoto mapajani, akaingia ndani kushona. Nilikaa naye mpaka miguu ikafa ganzi.

Aprili 24

Wanaoharisha wamepungua. Nesi kasema hivyo kwa watu wengine, mimi nimesikia.

Aprili 28

Kichwa hakiumi. Kicheko kacheka, mara moja, alipoona kuku amelowa.

Aprili 30

Makopo ya lita ya kweli yamefika dukani, ya plastiki, yana mistari. Mume wangu ameshusha bei ya mafuta nusu. Wateja wawili. La zamani lipo kwenye msumari ukutani. Nilitaka kulitupa, akakataa, akasema kila asubuhi alione.

Mei 4

Mvua imekatika. Jua la kwanza la kuanikia nguo.

Nilikuwa dukani peke yangu. Mke wa dereva akaingia. Sikuwa nimemwona tangu msiba. Watu walisema mumewe amerudi, watu walisema wanahama. Nilisimama na kiti kikaanguka nyuma yangu. Siku zote hizi nilikuwa naogopa umati, na sasa nilijua niliyekuwa namwogopa ni yeye peke yake.

Akaweka chupa yake juu ya meza.

"Nipe kibaba," akasema.

Nikadhani sijasikia vizuri. Akanyanyua kidevu kuelekea ukutani, kwenye lile la zamani. Nikalitungua, nikachota pipani, nikamimina kwenye faneli. Nilimwaga kidogo mezani, akachukua kitambaa akafuta yeye. Akainua chupa juu mlangoni kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu, mafuta yalivyo machache.

"Siku ile uliponiambia niweke mbili," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaziba chupa kwa kizibo. Akakibana mara mbili.

"Ningekuamini wewe, nikamwacha Nesi," akasema. "Ungeniambia tu kwa nini."

Akatoka. Nilimwona akivuka barabara kuepuka dimbwi, chupa kaishika kwa mikono miwili.

Kichwa hakiumi. Nesi aliniambia niandike kichwa tu.